PHQ-9 ya Kiswahili kwenye meza ya mshauri wa wanafunzi: usiigawe kabla hujajipanga

Vifaa vya kazi vya mshauri wa wanafunzi chuoni ni vichache: viti viwili, mlango unaofungika, simu yenye salio, na karatasi moja yenye maswali tisa ya kupima dalili za sonona (depresheni), iitwayo PHQ-9. Hapa tunaipima hiyo karatasi, kwa jicho la mtu atakayeitumia Mtwara au Lindi, si Dar es Salaam wala Marekani ilikotoka.

Bei yake ni kopi ya ukurasa mmoja steshenari. Hakuna leseni ya kununua wala barua ya kuomba ruhusa, kwa kuwa imeachiwa itumike na kunakiliwa bure. Kuijaza ni dakika tano, kujumlisha dakika moja. Tunaipa nyota 4 kati ya 5 ikiwa mbele ya mshauri ambaye tayari anajua nani atampeleka mwanafunzi hospitali na kwa nauli ipi. Chuo kinachoitaka ili tu kipate namba za kujazia ripoti ya mwaka, tunaipa nyota 1, na hiyo moja ni ya bei.

Ilitengenezwa na Robert Spitzer, Janet Williams na Kurt Kroenke kwa ufadhili wa kampuni ya dawa ya Pfizer, na utafiti wa kuipima ukachapishwa mwaka 2001. Inauliza habari za wiki 2 zilizopita tu. Kila swali lina majibu manne: hapana kabisa (0), siku kadhaa (1), zaidi ya nusu ya siku hizo (2), karibu kila siku (3). Jumla inaanzia 0 na kuishia 27. Chini ya 5 hakuna cha kutisha, mradi swali la 9 ni 0. 5 hadi 9 ni dalili nyepesi. 10 hadi 14 za kati. 15 hadi 19 nzito. 20 na kuendelea nzito sana. Chini kabisa kuna swali la kumi lisilohesabiwa, linalouliza mambo hayo yamekwamisha kazi na mahusiano kiasi gani. Wengi hulipita. Lisomwe kwanza, maana mwanafunzi mwenye 9 aliyeacha kuingia darasani anahitaji muda wako kuliko mwenye 13 anayekwenda vipindi vyote na kucheza mpira jioni.

Mpaka unaotajwa sana ni 10. Katika utafiti ule wa Marekani, mpaka huo uliwanasa wagonjwa 88 katika kila 100 wenye sonona, na ukawaacha huru 88 katika kila 100 wasio nayo. Zinasikika ni namba nzuri, ila zipigie hesabu. Tuseme una wanafunzi 100 na kweli 10 kati yao wana sonona. Karatasi itakunasia 9 hivi kati ya hao 10. Kati ya 90 wasio nayo, itakuletea wengine 11. Mlangoni kwako watasimama 20, na zaidi ya nusu yao hawaumwi sonona. Kwa hiyo alama 10 inakuambia mwite mtu mkae mzungumze. Anayeandika kwenye faili "ana sonona" kwa sababu ya alama 10 ameiomba karatasi kazi isiyoiweza.

Sasa Kiswahili chake. Ziko tafsiri zaidi ya moja mikononi mwa watu, nyingine zina ladha ya Kenya, nyingine ya huku, na kasoro zake hazifanani. Chagua moja, uitumie hiyo hiyo mwaka mzima, la sivyo alama za Novemba na za Machi hazilinganishiki. Na usibadilishe maneno yaliyochapwa. Panapotatiza, soma swali lilivyo kisha fafanua kwa mdomo.

Swali la 1 huulizia kukosa hamu au raha ya kufanya mambo. Neno "hamu" pwani lina shughuli nyingi. Msichana wa miaka 19 mbele ya mshauri wa kiume anaweza kuona haya akaandika 0 ili liishe. Fafanua kwa mifano: mpira, kwaya, kaswida, kusukana na wenzako, bado unavifurahia?

Swali la 2 lina "kukata tamaa", na hapa ndipo karatasi inapodanganywa zaidi. Kwa mwanafunzi aliyelelewa madrasa, kukata tamaa na rehema ya Mungu ni dhambi. Kwa aliyekulia kwaya ya kanisani hali haiko mbali na hiyo. Ataweka 0 kulinda imani yake, huku machozi yanamlengalenga. Ukiona 0 hapo, na 3 kwenye usingizi, uchovu na umakini, rudi nyuma uulize kwa lugha ya mtaani: "Moyo ukoje siku hizi? Una mawazo?" Huku kwetu "nina mawazo" ni kauli nzito, na mtu huitoa kwa urahisi kuliko "nina huzuni".

Swali la 5, la hamu ya chakula, linahitaji swali dogo kabla yake: chakula kipo? Mwanafunzi anayepiga pasi ndefu, mlo mmoja saa kumi jioni basi, hajapoteza hamu ya kula. Amepoteza hela. Swali la 6, la kujiona umeshindwa na kuiangusha familia, limetua vizuri kuliko yote, kana kwamba liliandikwa Newala. Kijana aliyechangiwa ada na ukoo mzima halihitaji kufafanuliwa. La 7 linataja kusoma gazeti na kuangalia televisheni, mambo ambayo kijana wa geto la Magomeni ya Mtwara au Chuno hana. Mwambie afikirie kusoma noti, au kufuatilia mazungumzo mpaka mwisho.

La 8 limeunganisha vitu viwili vinavyopingana: kwenda au kuongea polepole mpaka watu wakaona, au kinyume chake, kuhangaika usiweze kutulia. Mwanafunzi husoma nusu ya kwanza tu. Uliza mara mbili, kila nusu peke yake, andika alama iliyo kubwa.

Ngazi za majibu nazo zina utata wake, kwa kuwa "siku kadhaa" ya mmoja ni mbili na ya mwingine ni kumi. Weka kalenda ya ukutani mezani, oneshea kwa kidole siku 14, kisha hesabu: siku 0 au 1 ni 0, siku 2 hadi 6 ni 1, siku 7 hadi 11 ni 2, siku 12 hadi 14 ni 3. Kalenda ya bure ya benki inatosha.

Jambo ambalo mwongozo wowote wa nje hautakuambia ni kwamba alama za Kusini zina msimu. Masomo yanaanza Oktoba na Novemba, ada ya awamu ya kwanza inadaiwa, na mzazi wa Tandahimba au Ruangwa bado anasubiri mnada wa korosho upite na malipo yaingie benki. Bumu, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, nalo linaweza kuwa halijasainiwa. Usingizi unapungua, chakula kinapungua, umakini unapungua, na mwanafunzi anafika 11 bila ugonjwa wowote. Dawa yake ni barua kwa mhasibu ya kuomba ada ilipwe kwa awamu, pamoja na tarehe halisi, siyo "nikipata". Mpime tena wiki 2 baada ya malipo kuingia. Akishuka hadi 4, ilikuwa korosho. Akibaki 11 na ada imelipwa, hapo kaza uzi.

Mwezi wa Ramadhani usingizi na kula hubadilika kwa kila afungaye, kwa hiyo maswali ya 3, 4 na 5 yasomwe kwa tahadhari. Masika ya Desemba hadi Aprili malaria hupanda, na malaria huleta uchovu, kukosa hamu ya kula na usingizi mbovu. Vipimo vya zahanati vitangulie. Wiki ya mitihani kila mtu ana alama. Na wiki ya usajili hakuna mwenye alama: ukigawa karatasi hii pamoja na fomu za kujiunga, wote watakuandikia 0 wakidhani ukiandika vingine unarudishwa nyumbani. Muda mzuri ni wiki ya 5 au ya 6 ya muhula, mwanafunzi ameshazoea njia za chuo na bado hajaanza kuogopa sapu, yaani mtihani wa marudio.

Namna ya kuitoa ni jambo linaloharibu kazi nzuri. Usiigawe ukumbini kwa watu mia mbili. Jirani anasoma ya jirani yake. Usiitume kwenye kundi la WhatsApp la darasa kama fomu ya mtandaoni, kwa sababu jibu la swali la 9 litaingia saa nane usiku na utalisoma Jumatatu. Itolewe ana kwa ana, ofisini, baada ya salamu na mazungumzo kidogo.

"Shikamoo, mama."
"Marahaba. Kaa, mdogo wangu. Umekula leo?"

Swali hilo la chakula lina thamani ya maswali matatu ya karatasi. Kisha sema mipaka ya siri kabla ya kalamu kushikwa: yatakayosemwa yanabaki hapa, isipokuwa maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini. Ukiyasema hayo baada ya kujaza umemtega. Asiyesoma vizuri, au mwenye tatizo la macho, msomee. Akiacha swali moja au mawili wazi, jazia kwa wastani wa yale aliyojibu. Akiacha zaidi ya mawili, usijumlishe, ongea naye tu. Kabla ya kumwaga wino, angalia pia kopi yenyewe: mashine zilizochoka hukata safu ya mwisho ya kulia, ile ya alama 3, na usipoona mapema utakuwa na chuo kizima kisicho na mgonjwa mzito.

Swali la 9 linauliza kama mtu amewaza kuwa ni afadhali afe, au kujidhuru. Hili halijumlishwi tu likaachwa. Jibu lolote juu ya 0, hata 1, hata jumla yote ikiwa 3, unaweka kalamu chini na kuuliza waziwazi, bila kuzunguka: Umefikiria kujiua? Umefikiria kwa namna gani? Umepanga lini? Umewahi kujaribu? Leo usiku utalala na nani? Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Mara nyingi anashusha pumzi kwa kuwa hatimaye mtu amelitaja. Sikiliza pia yasiyoandikwa, maana wengi husema "natamani ardhi inimeze", "nimechoka na dunia", "bora nisingezaliwa", huku kwenye karatasi wameweka 0.

Akiwa na mpango, au aliwahi kujaribu, haachwi peke yake hata dakika ya kwenda chooni kujifungia. Watu wawili wanakwenda naye hospitali siku hiyo hiyo: Ligula kwa walio Mtwara mjini, Sokoine kwa walio Lindi mjini, ambazo ni hospitali za rufaa za mikoa. Walio upande wa Masasi wana Ndanda karibu kuliko kushuka Mtwara, mwendo wa kilomita 200 hivi. Fungu la nauli ya bajaji likae kwenye bahasha ofisini, si kwenye mfumo wa kuomba fedha wenye saini tatu. Anayerudishwa nyumbani kupumzika, familia iambiwe jambo moja kwa uwazi: nyumba ya mkulima wa korosho ina viuatilifu, navyo vifungiwe kwa kufuli au vihamishwe, pamoja na vidonge vyote vya ndani. Mwanafunzi ambaye bado hajatimiza miaka 18, na wapo kwenye astashahada, ana pia namba 116 ya msaada kwa watoto, ya bure.

Ndiyo maana tukasema usiigawe kabla hujajipanga. Kabla ya kopi ya kwanza, piga simu hospitali uulize siku za kliniki ya afya ya akili na jina na cheo cha mtu wa kumuulizia mapokezi. Andaa barua ya rufaa yenye nafasi ya alama, jibu la swali la 9, dawa anazotumia na namba yako ya simu. Muulize mwanafunzi kuhusu kadi ya bima mapema. Na uliza swali moja ambalo PHQ-9 haina kabisa: umewahi kuwa na siku kadhaa mfululizo za nguvu nyingi kupita kawaida yako, unalala kwa muda wa saa mbili tu na huchoki, unaongea mno, unatumia hela ovyo? Jibu likiwa ndiyo, liandike juu kabisa ya barua, kwa herufi kubwa. Dawa za sonona zikitolewa peke yake kwa mtu wa namna hiyo zinaweza kumrusha upande wa pili, kwenye hali hiyo ya nguvu kupita kiasi.

Aliyeanza dawa umwambie pia kwamba huchukua wiki 2 hadi 4 kuanza kuonesha kazi. Asipoambiwa, ataziacha siku ya sita na kutangaza bwenini kwamba hazifai. Kumpima tena ni kila baada ya wiki 2, si kila siku tatu, kwa kuwa siku zinazoulizwa ni zile zile. Mabadiliko ya alama 5 na zaidi ndiyo yenye maana. Kutoka 14 kwenda 12 si habari ya kuandikia.

Yasiyoonekana kwenye karatasi ni mengi. Kubeti ni la kwanza. Kijana aliyeweka bumu lote kwenye mkeka na mkeka ukachanika ataonekana hana usingizi na anajilaumu, basi, na hutajua chanzo usipouliza simu yake ina madeni ya mikopo mangapi. Rushwa ya ngono nayo haionekani. Mwanafunzi anayetishiwa kufelishwa na mwalimu anakuja na 16, na ukimpa mazoezi ya kupumua umemtupa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inalitaja kosa hilo kwa jina, na namba ya bure ya TAKUKURU ni 113. Lipo pia dawati la jinsia polisi. Kwa aliyebakwa, hospitali ndani ya saa 72 kwa ajili ya kinga ya VVU, karatasi zote zisubiri, hii ikiwa ya kwanza kusubiri.

Halafu kuna majini. Familia ikisema binti ana mashetani na amepelekwa kwa mganga au anasomewa, kubishana nao ni kumpoteza binti. Kubalianeni kwamba kisomo kiendelee na kliniki iendelee, na kwamba kwa mganga hakuna kunywa kitu kitakachogongana na dawa za hospitali. Neno hilo la mwisho liseme mbele ya mama yake, yeye ndiye msimamizi wa yote mawili.

Kwa kulinganisha: PHQ-2, yaani maswali mawili ya kwanza tu yenye jumla ya 6 na mpaka wa 3, inafaa siku ya foleni ndefu, ila haina swali la 9, kwa hiyo swali hilo uliulize mwenyewe. GAD-7 ni ya wasiwasi, maswali saba, jumla 21, na karibu na mitihani inatoa picha ya kweli kuliko PHQ-9. SRQ-20 ya Shirika la Afya Duniani ina maswali ishirini ya ndiyo au hapana. Ni ndefu, lakini kwa wanaochanganywa na "zaidi ya nusu ya siku" ni rahisi mno. Tungelazimishwa kubaki na mbili, ni PHQ-9 na GAD-7, kopi mbele na nyuma ya karatasi moja.

Mwisho ni utunzaji, na vyuo vingi hapa hulala. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za afya kati ya zile nyeti. Juu ya karatasi iandikwe namba ya siri, si jina wala namba ya usajili. Daftari linalounganisha namba na majina likae kabati jingine lenye kufuli, na ufunguo usiwe kwa katibu muhtasi. Mkuu wa chuo akitaka ripoti, apewe idadi kwa makundi, na kundi lenye watu chini ya 5 liunganishwe na jingine, kwa sababu kwenye darasa la watu 30 kila mtu anamjua "mmoja wa kike, mwaka wa pili". Kopi zilizoharibika na zilizopitwa na muda zichomwe mbele ya macho yako, zisitupwe kwenye pipa la ofisi. Karatasi za ofisi zina njia yao ya kufika stendi na sokoni, na mwanafunzi asije akanunua karanga za shilingi mia mbili akazikuta zimefungwa kwa swali la 9 la mwenzake.